Shaba inajaza malori, sisi tuuze nini?

«Mwalimu, jambo. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mume wangu anaendesha lori la shaba hadi Dar es Salaam. Kila siku redio inasema mauzo ya Kongo nje yamepanda, eti tumekuwa wa pili duniani kwa shaba. Lakini bunga ya mahindi tunayopikia bukari, ule ugali wetu, inatoka Zambia, na kodi ya nyumba inapanda kila mwaka. Shemeji yangu anasema tunaibiwa kwa sababu tunauza udongo mtupu, na kwamba serikali ingefunga mpaka wa Kasumbalesa, ule wa kwenda Zambia, hadi tujifunze kuzalisha vyetu. Sisi wamama kumi na mmoja wa likelemba moja, kikundi cha kuweka akiba pamoja, tumeweka dola 6,000. Wengi wetu tuna ndugu vijijini, upande wa Kasenga na Sakania, wanaovuna asali, na wakati wa mvua vinkubala, wale viwavi wa kuliwa. Bwana mmoja ametuambia asali ya miombo, misitu yetu ya huku, ina bei kubwa Ulaya na kwamba hii ndiyo saa ya kuuza nje vitu visivyo madini. Anaomba dola 4,000 atutafutie mnunuzi. Je, tumpe? Na kwa nini nchi yenye mali namna hii inashindwa kuuza kitu kingine?»

Mama, jambo sana. Nianze na lililo la haraka: huyo bwana asipewe hata dola moja. Simjui, kwa hiyo sisemi ni mwizi. Ninachosema ni kwamba anawauzia kitu ambacho si ndicho kinachowakosesha soko. Wanunuzi wa asali nzuri wapo, na asali ipo. Kinachokosekana kiko katikati ya mzinga na mnunuzi: barabara, umeme, maabara, hati, na bei ya kila huduma katika mji unaoishi kwa shaba. Hilo hilo ndilo jibu la swali lako la pili, ndiyo maana nitayajibu pamoja.

Shemeji yako ana haki ya kukasirika, ila hasira yake ameielekeza pengine. Muulize mume wako lori lake linabeba nini. Kama hubeba shaba kutoka mitambo mingi ya hapa na ya Kolwezi, atakuambia ni katodi: mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, kila fungu tani mbili na zaidi. Hiyo ni shaba iliyosafishwa kwa umeme hadi asilimia 99.99. Si udongo. Mwamba uliotoka shimoni ulikuwa na shaba ya asilimia chache tu, na kazi ya kuufikisha kwenye bamba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya thamani yote. Ukiigeuza katodi kuwa waya, unaongeza mamia machache ya dola juu ya tani ambayo tayari ina bei ya maelfu mengi. Faida hiyo ipo, lakini ni nyembamba, na kiwanda cha waya kinapenda kukaa karibu na watu wanaonunua waya kila siku. Zambia ina kiwanda cha namna hiyo Luanshya tangu miaka ya mwisho ya 1960. Kimeajiri watu na kimeuza nyaya hadi nchi jirani, lakini hakijaitoa Zambia kwenye utegemezi wa shaba.

Kwenye kobalti shemeji anakaribia ukweli zaidi. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inaondoka ikiwa hidroksidi, unga ambao bado unahitaji kusafishwa, na usafishaji huo hufanyika zaidi China. Halafu kuna mfano ninaoupenda kuliko yote kwa sababu uko mbele ya macho yetu sote: kile kilima cheusi chini ya bomba la moshi la Mumbunda. Watu wa mji huu wamekitazama karibu miaka mia moja kama takataka ya kiwanda. Oktoba 2024, kampuni ya STL, ambayo ni ya Gécamines, kampuni kubwa ya madini ya serikali, ilipeleka Ubelgiji mzigo wa kwanza wa jermaniamu uliotoka kwenye takataka hiyo. Jermaniamu hutumika kwenye nyaya za intaneti za kioo na kwenye vifaa vya kuona usiku. Kilima hakikubadilika. Kilichobadilika ni mtambo na ujuzi wa kutenganisha kilichomo. Kwa hiyo ukisikia watu wakisema «tuongeze thamani», uliza: thamani ipi, kwa ujuzi gani, na kwa umeme wa nani?

Sasa hizo dola. Kweli, mauzo yamepanda sana. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilipofika kileleni ilitoa karibu tani 480,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 ilikuwa imeanguka chini ya tani 50,000, na wazee wa mji huu hawahitaji kukumbushwa mishahara iliyokatika wakati ule. Mwaka 2024 nchi nzima ilitoa zaidi ya tani milioni 3, nyuma ya Chile tu. Lakini tani ikiuzwa dola 9,500, usifikiri dola 9,500 zinalala Lubumbashi. Kutoka humo inalipiwa dizeli iliyotoka nje, salfa na mitambo, riba ya mikopo iliyojenga mgodi, usafiri hadi bandarini, na faida ya mwenye mgodi. Kinachobaki kwetu ni mishahara, kodi, kandarasi za hapa na mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini ambayo mgodi unailipa serikali. Kwa Kanuni ya Madini ya 2018 mrabaha wa shaba ni asilimia 3.5, wa kobalti asilimia 10 kwa sababu imewekwa kwenye madini ya kimkakati. Nusu ya mrabaha inakwenda Kinshasa, asilimia 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au uchifu wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria hiyo si mbaya. Ubaya ni kwamba mwananchi wa kawaida haoni hesabu ya zile asilimia 15 zilipofika kwa chifu wake au kwa meya wake. Kama shemeji anatafuta mahali pa kupigania, hapo ndipo pa kusimama, maana fedha ile ndiyo ingetengeneza barabara ya Kasenga.

Na mgodi wa siku hizi hauajiri kama ule wa babu zetu. Mashine moja inafanya kazi ya watu mia. Ndiyo sababu mauzo ya nje yanaweza kuongezeka mara sita na mtaa wa Katuba usihisi ongezeko hilo kwenye mfuko.

Lakini unalihisi kwenye kodi ya nyumba, na hapa ndipo moyo wa jambo ulipo. Shaba inapoleta dola nyingi mjini, watu wenye dola wanapanga nyumba, wanakodi malori, wanaajiri mafundi, wahasibu, walinzi. Bei ya vitu ambavyo haviwezi kuagizwa kutoka nje, yaani nyumba, usafiri, kazi ya mikono, inapanda. Sasa mchukue mkulima au mtengeneza sabuni wa hapa. Yeye analipa bei hizo hizo zilizopandishwa na shaba, lakini sabuni yake inashindana na sabuni ya Zambia au ya Tanzania ambayo haikutengenezwa kwa gharama hizo. Atashindwa hata kama ni hodari. Wachumi wanauita ugonjwa wa Kiholanzi, kwa sababu ya gesi iliyogunduliwa Groningen mwaka 1959 na viwanda vya Uholanzi vilivyodhoofika baadaye. Kwetu dalili yake ni rahisi kuiona: kijana wa Kipushi akipewa kuchagua kati ya kulima mahindi na kubeba mifuko kwenye mgodi wa wachimbaji wadogo, anachagua mfuko.

Thamani ya franka nayo inaingia humu. Mwaka 2025, kuelekea mwisho, dola iliyokuwa inakaribia franka 2,900 ilishuka chini ya 2,500. Mjini tulifurahi, vitu vya nje vikawa na nafuu kidogo. Lakini mtu anayenunua kahawa au asali kijijini kwa franka na kuiuza nje kwa dola alipata hasara kwenye mabadiliko hayo, bila kosa lake lolote. Hakuna aliyemwandikia makala.

Kisha kuna lori lenyewe, na mume wako anaijua hesabu hii kuliko mimi. Tuseme usafiri wa tani moja kutoka hapa hadi baharini, pamoja na ada za mpakani na siku za kulala kwenye foleni ya Kasumbalesa, unafika dola 300. Kwa tani ya shaba ya dola 9,500, hizo ni kama asilimia tatu. Mwenye shaba ananung'unika halafu analipa. Kwa tani ya mahindi ya dola 300, usafiri umekula mahindi yote. Kwa tani ya asali ya dola 3,000, usafiri ni sehemu ya kumi, inavumilika. Namba hizi ni za mfano, ila uwiano ndio ulivyo. Mji wetu uko mbali na kila bahari: Durban, Dar es Salaam, Beira, Walvis Bay, Lobito, zote ni safari ndefu. Na kila lori linaloondoka Lubumbashi lina mteja mmoja asiyechoka, shaba, kwa hiyo mwenye mzigo mdogo hawezi kubembeleza bei. Ndiyo maana sikuwacheka mliposema asali. Kitu chepesi chenye bei kubwa kwa kilo ndicho pekee kinachoweza kutoka hapa kwenda mbali: asali, nta, uyoga mkavu, kahawa kwa ndugu zetu wa Kivu. Kuuza nje mahindi kutoka Lubumbashi kwenda Ulaya ni hadithi ya mikutano ya hotelini.

Wengi wanaitazama reli ya Lobito kama mkombozi. Ilipokatika mwaka 1975 kwa vita vya Angola, Katanga ilipoteza njia yake fupi ya baharini, na ikirudi kwa nguvu zote itapunguza gharama. Lakini reli iliyofufuliwa na wafanyabiashara wa shaba itahudumia shaba kwanza. Asali ya wamama wa Katuba itapata behewa siku patakapokuwa na mtu wa kukusanya mizigo midogo kuwa kontena moja, na mtu huyo hajaonekana bado.

Umeuliza kwa nini nchi inashindwa. Haikushindwa siku zote. Miaka ya 1950 Kongo ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mawese duniani, pamoja na pamba, kahawa na mpira, ingawa tusisahau kwamba sehemu ya jasho lile ilikuwa ya kulazimishwa. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Yangambi, humu humu Kongo, mwaka 1941, ndio walioeleza jinsi ya kupata mchikichi wa tenera, wenye nyama nene ya mafuta, kwa kuzalisha aina mbili pamoja. Malaysia na Indonesia zikajenga mashamba yao juu ya ujuzi huo, na leo Kongo inaagiza mafuta ya kula kutoka huko huko. Novemba 1973 mashamba na maduka ya wageni yaligawiwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuyaendesha. Kabla vumbi halijatulia, bei ya shaba ikaporomoka kwa zaidi ya nusu kati ya 1974 na 1975, na reli ya Angola ikafungwa. Nchi ikabaki na mguu mmoja, mguu wenyewe umevunjika.

Hatari hiyo haijaondoka. Mwaka 2022 tani ya kobalti ilipita dola 80,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa karibu 21,000, kwa sababu dunia ilijazwa kobalti, na aliyeijaza ni sisi. Februari 22, 2025 serikali ikasimamisha mauzo yote ya kobalti nje. Katikati ya Oktoba yakafunguliwa kwa mgao: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Bei ilipanda, hivyo uamuzi ulifanya ulichokusudia. Ila tazama maana yake: nchi ililazimika kuacha kuuza ili iweze kuuza. Mwenye bidhaa kumi halazimiki hivyo.

Walioweza walifanyaje? Chile, mwaka 1970, shaba ilikuwa kama robo tatu ya mauzo yake nje. Leo ni karibu nusu, na shaba yenyewe imeongezeka, haikupungua. Waliongeza samaki wa salmoni, matunda, mvinyo, mbao. Salmoni hawakuwa wa kwao hata kidogo; taasisi iitwayo Fundación Chile, iliyoanzishwa 1976, ilijifunza kuwafuga, ikaonyesha kwamba inawezekana, kisha ikawaachia watu binafsi. Hapakuwa na amri ya kumlazimisha mtu. Lakini Chile ina bahari mlangoni, na sisi hatuna. Botswana nayo inasifiwa kila mahali kwa uangalifu wa pesa zake, na sifa hizo ni za haki: shule, barabara, akiba. Hata hivyo almasi bado inatawala mauzo yake, na bei ya almasi ilipoanguka miaka hii, serikali ile ilitikisika. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba utawala mzuri peke yake unaleta bidhaa mpya. Unasaidia usife njaa wakati unazitafuta.

Kwetu pia tumejaribu kwa amri. Wakati Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga, kampuni za madini ziliambiwa zilime mahindi, hekta 500 kila moja. Mahindi yalipatikana kiasi. Lakini kampuni ya shaba inalima kama mtu anayelipa faini: inalima ili ionekane imelima. Mkulima wa Mokambo hakupata mbegu wala ghala kutokana na mpango ule.

Kuhusu kufunga mpaka, mwambie shemeji tumeshaonja. Agosti 2024 Kongo ilizuia pombe na soda kutoka nje. Madereva wakagoma, Zambia ikafunga Kasumbalesa, Sakania na Mokambo kwa siku chache, na malori ya shaba, salfa na unga yakasimama yote pamoja. Labda mume wako alikuwa humo. Kulinda kiwanda kichanga si dhambi, nchi nyingi zimefanya hivyo. Lakini unalinda kitu ambacho tayari kinazalishwa na kinaweza kujaza soko, kwa muda unaotangazwa mapema, na bila kugusa kinachoingia kwenye sufuria. Bunga ni sufuria. Mwaka 2023 bei ya mfuko ilivyopaa, hapakuwa na shamba lililochipuka ghafla kwa sababu ya bei. Mahindi yanahitaji msimu mzima, mbolea kabla ya mvua, na barabara baada ya mavuno. Ukifunga leo, utakula nini hadi Aprili? Na 2024 Zambia yenyewe ilipopigwa na ukame, tuliona kwamba kutegemea jirani mmoja ni hatari pia. Ninachokitaka mimi ni maghala na barabara za kwenda kwa wakulima wetu kwanza, kisha tuzungumze habari ya kufunga.

Sasa turudi kwenye dola zenu 6,000.

Asali kwenda Ulaya: si mwaka huu. Umoja wa Ulaya haupokei asali kutoka kila nchi. Nchi lazima iwe kwenye orodha yake, yenye mpango wa kila mwaka wa kupima masalia ya dawa ndani ya asali. Zambia inauza asali ya miombo huko, kutoka mkoa wake wa Kaskazini-Magharibi, misitu ile ile kama yetu. Kwa hiyo mti si tatizo, nyuki si tatizo. Kinachotangulia ni kazi ya serikali na maabara, ambayo mtu binafsi hawezi kuinunua kwa dola 4,000. Huyo bwana mwulizeni swali moja tu: asali yetu itaingia Ulaya kwa orodha ipi na kwa cheti cha nani? Akianza kuzunguka, mshukuruni kwa muda wake na mwageni.

Soko lenu la kwanza liko hapa hapa, na ninasema hivyo nikijua halina fahari ya neno «nje». Angalieni rafu za maduka makubwa ya mjini: asali iliyosafiri kutoka nchi nyingine inauzwa ghali kuliko mnavyolipa kijijini mara kadhaa. Kila chupa yenu inayochukua nafasi yake inaokoa dola kwa nchi sawasawa na chupa iliyouzwa nje. Ila mnunuzi wa rafu ile ana masharti. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha, na ndiyo inayofura kwenye chupa na kumwaga povu dukani. Kuna kipimo kidogo cha mkononi, refraktometa, kina bei ya kawaida: unaweka tone moja kwenye kioo, unatazama kuelekea mwanga, unasoma. Wapeni ndugu zenu sharti hilo kabla ya kununua, na mkatae masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta, maana hayo ndiyo yenye maji. Mkatae pia asali yenye harufu ya moshi mkali, na ile iliyobebwa kwenye bidoni zilizokuwa na mafuta au, Mungu apishe mbali, asidi ya mgodini. Nta msiitupe. Haiharibiki, ni nyepesi, na watengeneza mishumaa na vipodozi wanaitafuta. Kama mizinga ni ya maganda ya miti, zungumzeni na wavunaji habari ya mizinga ya mbao, kwa sababu kila mzinga wa ganda unaua mti, na makaa ya jiko la mji tayari yanakula msitu wa kutosha.

Vinkubala mimi nisingevidharau. Watu wa Ndola na Kitwe, kule Zambia, wanavila kama sisi, mnaelewana lugha na mnaelewana ladha, na umbali ni mdogo. Kwa mzigo mdogo upo utaratibu rahisi wa COMESA, soko la pamoja la Afrika Mashariki na Kusini, pale mpakani, wenye hati fupi na orodha ya bidhaa zilizokubaliwa. Fikeni ofisini muione orodha kwa macho yenu kabla ya kubeba gunia. Udhaifu wake ni msimu: mnauza wiki chache, kisha mnangoja mvua nyingine. Na visipokauka vizuri vinashika ukungu kabla ya kufika Sakania.

Migodi pia ni soko. Sheria ya Februari 8, 2017 inataka kandarasi ndogo zipewe kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani, na kambi za wafanyakazi zinakula kila siku. Inavutia, nami naiunga mkono kwa nchi nzima. Kwenu ninyi naogopa kitu kimoja: kampuni kubwa inaweza kukulipa baada ya siku 60 au 90. Dola 6,000 haziwezi kulala miezi mitatu zikisubiri faktura. Afadhali muuzie yule anayepika kambini, kwa mzigo mdogo, malipo wakati wa kupokea. Mkisha kuwa na mtaji wa kungoja, panda ngazi.

Kwa hiyo msimu huu wa kwanza mimi ningetumia theluthi ya akiba, si zaidi: asali safi, vyombo vya chakula, kipimo, lebo iliyo nadhifu, na maduka machache. Iliyobaki ikae. Hasara ya msimu wa kwanza huja hata kwa watu waangalifu, na likelemba nyingi nilizoziona zikivunjika hazikuvunjwa na soko. Zilivunjwa na ugomvi wa nani alishika makuta, yaani pesa. Ndiyo maana jiandikisheni. Sheria ya OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi kadhaa za Afrika ambao Kongo iliingia 2012, inaruhusu ushirika mdogo wa kuanzia watu watano. Ninyi ni kumi na mmoja. Mtakuwa na akaunti kwa jina la ushirika, saini mbili, na daftari.

Mengine hayafai kuamuliwa kwa kusoma jibu langu. Nendeni Guichet Unique, ofisi ya kusajili biashara, kwa ajili ya kujiandikisha. Nendeni OCC, ofisi ya serikali ya kupima ubora wa bidhaa, na chupa ya asali yenu muulize vipimo gani wanafanya hapa na kwa bei gani. Siku mtakapotaka kuvusha mzigo mkubwa, msiende peke yenu: tafuteni deklara (wakala wa forodha) anayejulikana, awaandikie kwenye karatasi gharama zote hadi ng'ambo, kuanzia hati ya benki ya kuuza nje, cheti cha afya ya mimea au wanyama, OCC, hadi duane, yaani forodha. Asiyetaka kuandika, mwacheni. Na kama mmekwisha kusaini karatasi yoyote na yule bwana, au mmempa hata kidogo, muoneni wakili wiki hii, mkiwa na karatasi hiyo mkononi, kabla ya kumpigia simu tena.

Mkianza, niandikieni tena na namba mbili: bei mliyolipa kijijini kwa kilo, na gharama ya kuifikisha kilo hiyo Lubumbashi. Mume wako akikuongezea bei anayodai dereva mwenzake kubeba gunia hadi Ndola, nitaweza kuwafanyia hesabu ya vinkubala kabla mvua hazijaanza.